Arobaini ya Walio Hai

Siku ya thelathini na nane, Atuganile alimwona mama yake ndani ya kikombe cha kioo.

Hakuwa mama mwenyewe. Mama alizikwa miaka kumi na mmoja iliyopita, siku ya mvua, na Atuganile alikuwapo udongo ulipomfunika. Kilichokuwa chini ya hadubini ni kinyama kichanga, ukubwa wa punje ya maharage, kilichooteshwa kutokana na seli chache za mwanamke asiyejulikana jina. Mwanamke huyo alikuwa mzima, anakula na kucheka mahali fulani kwenye vilima vya Rungwe. Katika Kituo cha utafiti alikofanya kazi Atuganile, kinyama hicho kiliitwa kivuli. Watu wa mjini Tukuyu walikiita arobaini, kwa sababu kivuli kiliachwa kuishi siku arobaini tu, kisha kikachomwa. Tena walisema, kwa sauti ya chini, kwamba ni arobaini ya mtu ambaye bado hajafa.

Katika siku hizo, kwa joto na dawa na homoni zilizopimwa kwa saa, kivuli kilipitishwa miaka ishirini ya maisha. Ndani yake viliwekwa pia vilinda mwili, yaani seli za kinga zilizotolewa kwenye damu ya mwanamke huyohuyo. Wasomaji wa vivuli waliziita walinzi. Kisha msomaji alikaa na kutazama. Kama saratani ya titi ilikuwa imejificha kwenye urithi wa mwanamke yule, ingejitokeza kikombeni kabla ya kujitokeza kifuani mwake. Na ingeonyesha tabia yake, jambo ambalo ndilo lililowafanya watu waje kutoka hadi Sumbawanga. Maana kuna saratani inayotambaa polepole mpaka mtu anakufa kwa uzee nayo imo, na kuna ile inayoruka.

Atuganile alikuwa amesoma vivuli zaidi ya elfu mbili. Alikuwa na mkono uliotulia na macho yasiyochoka, na wenzake walimheshimu kwa sababu hakuwahi kuandika neno "labda" kwenye ripoti.

Kivuli namba 4417 kilikuwa kinaruka.

Lakini si kuruka kwake kulikomfanya aondoe jicho kwenye hadubini na kushika ukingo wa meza. Seli mbaya zilikuwa zimejipanga moja nyuma ya nyingine, mstari mwembamba, zikipenya katikati ya nyama nzima bila haraka. Walinzi walikuwa wengi, wamejaa tele. Wakapita kando ya mstari ule wakiugusa kwa bega, wala hawakugeuka.

Aliwahi kuona picha hiyo mara moja tu. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, mama ana miezi minne kaburini, naye akaomba aonyeshwe kioo chenye kipande cha uvimbe uliomuua. Mwalimu wake alisita, kisha akampa. "Tazama," alisema mwalimu, "huyu hakufa kwa kukosa walinzi. Walikuwepo. Hawakumwona adui."

Atuganile alifungua kadi ya urithi ya 4417. Jina halikuwapo, maana majina yalifungiwa ofisi nyingine. Kilichokuwapo ni orodha ya jeni, na katikati yake kasoro moja iliyopigiwa mstari: R-7. Kipande kidogo cha jeni kilichokosekana. Ulimwengu mzima kasoro hiyo ilikuwa imeonekana katika ukoo mmoja tu, na Atuganile alijua hivyo kwa sababu ni yeye aliyeandika maelezo yake.

R-7 ilikuwa urithi wa ajabu. Ilizifanya seli za titi zikosee mara kwa mara, lakini kila zikikosea iliziachia alama usoni, na walinzi waliiona alama hiyo mapema wakaziua. Ndiyo maana wanawake wengi wa ukoo ule waliishi miaka tisini bila hata uvimbe. Ila ikitokea seli moja ikajifunza kuifuta alama ile, basi imejifunza kuishi katikati ya walinzi wakali kuliko wote. Ni mgeni aliyekwisha kuijua lugha ya nyumba, mpaka mbwa hambwekei. Saratani ya namna hiyo, ikija, haiachi nafasi.

Wanawake wenye R-7 waliokuwa hai walikuwa watatu. Wa kwanza ni Atuganile mwenyewe, ambaye hakuwahi kuoteshewa kivuli. Alikuwa akijiambia kwamba ataoteshewa mwakani, na mwakani ilikuwa imeshapita mara sita. Wa pili ni Mama mdogo Bupe, mdogo wa mama yake, ambaye tangu msiba ule hakukanyaga hospitali hata kwa jino. Wa tatu ni Subilaga, mdogo wake Atuganile.

Subilaga alitoa seli zake mwezi wa tano, gari la Kituo lilipopita vijijini kukusanya za utafiti. Yeye mwenyewe alimwambia. Alimwambia pia mahali alipoweka alama kwenye fomu: *Sitaki kujua*.

"Nina mtoto wa miezi mitatu, dada," alisema siku ile akicheka kidogo. "Nataka nimnyonyeshe miaka miwili, halafu nimzalie mwenzake. Nikishajua, kila nikimpa titi nitakuwa nampa hofu. Acheni nimalize kwanza. Nitakuja mwenyewe."

Kanuni ya Kituo ilikuwa wazi. Msomaji akikutana na damu yake kikombeni, anaweka chini kalamu, anabonyeza kengele, na msomaji mwingine anachukua kiti. Kengele ilikuwa upande wa kulia wa meza, umbali wa kiganja.

Atuganile aliitazama kengele. Kisha akaandika ripoti, akaisaini, akakirudisha kikombe kwenye kabati la joto kingoje siku mbili zilizobaki.

*

Alikwenda kwa Subilaga Jumamosi asubuhi. Siku nne zilikuwa zimepita, na katika siku hizo hakuwa amelala vizuri hata mara moja. Akifumba macho aliona walinzi wakipita, wakipita, wakigusa kwa bega.

Subilaga alikuwa mwalimu wa hesabu, na mumewe, Lusajo, alikuwa amekwenda shambani kwa baba yake. Nyumba ilinuka ndizi zinazochemka. Mtoto, aliyepewa jina la bibi yake, Sekela, alikuwa ananyonya huku akicheza na kifungo cha blauzi ya mama yake.

"Ugonile, dada. Mbona umekonda?" Subilaga alimsalimia. "Kaa. Ndizi zinakaribia."

Atuganile alikaa. Alimtazama mtoto. Sekela mwingine, mama yao, alikuwa amelala kwenye kitanda cha chuma akiwa na uzito wa mtoto wa darasa la tatu, na Subilaga, wakati huo akiwa na miaka kumi na minane, ndiye aliyekuwa akimgeuza.

"Subi," alisema, "ungekuwa na ugonjwa wa mama, ungetaka nikuache usijue?"

Mkono wa Subilaga uliokuwa ukimpigapiga mtoto mgongoni ulitulia.

"Niliandika sitaki," alisema.

"Najua."

"Wewe mwenyewe ulinifundisha maana ya ile alama. Ulisema hata Rais hawezi kuifungua."

"Najua, mdogo wangu."

"Basi kunywa chai uende zako."

Atuganile alianza kulia. Hakuwa amekusudia, lakini machozi yale ndiyo yaliyosema. Subilaga alimwangalia kwa muda mrefu. Kisha akaingiza kidole taratibu kwenye pembe ya mdomo wa mtoto, akamtoa kwenye titi, akafunga vifungo vyake vyote hadi cha juu.

"Ni ya mama?" aliuliza. "Ileile?"

"Ileile."

"Nina muda gani?"

"Ukifanya sasa, hakuna kitakachoanza. Bado hakijaanza, Subi. Ni kivuli tu. Tumekiona kabla."

Sekela alianza kulia akilitafuta titi. Subilaga alimpa dada yake amshike, akatoka nje, akasimama kwenye mvua nyembamba mpaka ndizi zikaungua.

Baada ya wiki tatu alikatwa matiti yote mawili katika hospitali moja mjini Mbeya. Daktari hakuuliza maswali mengi, kwa kuwa mwenye R-7 alikuwa na haki ya upasuaji huo wakati wowote akitaka. Mtoto alikataa chupa siku mbili nzima. Lusajo alimbeba akizunguka naye uwanjani akiimba, na sauti ilipomwisha aliendelea kutembea kimya. Siku ya tatu mtoto alinywa.

"Ahsante," Subilaga alimwambia dada yake walipokuwa wakirudi nyumbani. Alikuwa amegeukia dirisha. "Nilikuchukia siku tatu, nne hivi. Sasa nashukuru."

*

Vivuli viliota kwa zamu kwa sababu makabati ya joto hayakutosha. Seli zilizokusanywa wiki moja zingeweza kusomwa kwa kupishana hata miezi miwili. Kwa hiyo ilikuwa mwezi wa tisa, Subilaga akiwa ameshaanza kuinua mikono na kuandika ubaoni, namba 4431 ilipofika mezani kwa Atuganile.

Aliangalia kwanza kama kawaida, bila kadi. Aliona kivuli kizuri, akafurahi kidogo, kama alivyofurahi kwa kila mwanamke asiyemjua. Nyama ilikuwa nzima. Hapa na pale palikuwa na makovu madogo. Akayahesabu: tisa. Mara tisa saratani ilijaribu kuota katika miaka ile ishirini ya kikombeni, na mara tisa walinzi waliigeukia wakaila, wasiache kitu. Alikuwa hajawahi kuona walinzi wenye macho makali namna ile.

Ndipo akafungua kadi.

R-7.

Alikaa bila kusogea. Chumba kilikuwa na baridi ya kawaida, mashine zikinguruma kwa sauti yao ya kawaida. Mtu alipita koridoni akimsalimia, naye akaitika.

Watatu. Yeye hakuwahi kutoa. Vivuli viwili vya R-7 maana yake ni wawili wametoa. Mama mdogo Bupe alikwenda. Bila kumwambia mtu, alikwenda.

Alijaribu kujiambia kwamba kizuri hiki ni cha mama mdogo. Lakini alikuwa msomaji, na akili yake ilikuwa imeshaanza kusoma kabla hajairuhusu. Mtu harithi kasoro peke yake. Huirithi pamoja na mengine elfu, na hayo ndiyo yanayoamua kama kasoro italala au itaruka. Mama yake na Bupe walikuwa baba mmoja, mama mmoja. Walinzi waliokosa macho kwa dada wangeweza kabisa kukosa macho kwa mdogo wake. Subilaga alikuwa amechukua nusu kwa mama, na nusu kwa baba yao, mtu wa Kyela, ambaye upande wake hakukuwahi kusikika saratani. Macho yale yalikuwa ya baba.

Haya yote aliyajua pia siku ile ya kwanza. Alikuwa nayo mezani. Hakuyasoma, kwa sababu alikuwa anamtazama mama.

Namba zilitolewa kwa kufuata siku ya kuchukuliwa seli. Subilaga alitoa Ijumaa, tarehe kumi na mbili. Kilichobaki ni kujua Bupe alitoa lini. Angeweza kuomba ofisi ya majina, na ingebidi aeleze kwa nini. Asubuhi iliyofuata aliomba ruhusa ya siku moja akapanda kwenda shambani kwa mama yake mdogo.

*

Mama mdogo Bupe alikuwa na miaka sitini na mmoja, mwili mkavu na mikono mikubwa. Alilima maparachichi. Atuganile alimkuta amekaa kwenye kigoda kando ya ghala, anachambua, mazuri kreti hii, yaliyochubuka kreti ile, anaimba wimbo wa kwaya puani.

"Ugonile, mwanangu," alisema. "Kazini hamna kazi leo?"

"Nimeomba ruhusa, mama."

"Kaa basi unisaidie. Usiyabinye."

Walichambua kwa muda. Atuganile alishika parachichi moja, akaliweka, akashika jingine.

"Mama mdogo, nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Mwezi wa tano, gari la Kituo lilipokuja huku..."

"Usimalizie."

Bupe hakuwa ameinua sauti. Aliendelea kutazama kreti.

"Karatasi ile ilikuwa na sehemu mbili za kuweka alama," alisema. "Niliweka kwenye *sitaki*. Kalamu haikuandika vizuri, nikaomba nyingine nikarudia, ili asitokee mtu wa kukosea."

"Sijaja kukuambia kitu, mama. Nimekuja kuuliza tarehe."

"Umekuja siku ya kazi, asubuhi, na uso wa mtu anayetoka msibani. Ukiniuliza, umeshanijibu."

Atuganile alifunika uso kwa viganja.

"Nilidhani unawachukia watu wa hospitali," alisema.

"Nawachukia hadi leo. Walimchomachoma dada yangu mpaka hana pa kuchoma. Lakini alikata roho akiwa amenishika mkono, Atu, na akaniuliza, 'Na watoto?' Sikuwa na jibu. Basi gari lilipokuja nikasema, wachukue hiyo nyama na hiyo damu wajifunzie, watoto wa dada yangu wasife. Nilitoa kwa ajili yenu. Sikutoa ili niletewe habari." Alipangusa mikono kwenye kitenge. "Miaka niliyobakiza nilitaka iwe yangu. Nilale bila kuhesabu. Hilo tu."

Mvua ilianza kupiga bati, ikaacha. Bupe aligeuka ghafla, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Hebu subiri. Kwa nini unaniuliza mimi tarehe? Aliyekutwa nayo si Subilaga?"

Atuganile aliinamia kreti.

"Mimi nilikwenda Jumatano," Bupe alisema taratibu. "Subilaga alikwenda baadaye, Ijumaa, alinipitia hapa." Alisimama. Kigoda kilianguka nyuma yake. "Mungu wangu. Mungu wangu, Atu. Mtoto amekatwa kwa ajili yangu."

Alitembea mpaka kwenye mti wa kwanza, akaegemeza paji la uso kwenye shina, akakaa hivyo. Aliporudi macho yalikuwa makavu.

"Usimwambie," alisema.

"Mama..."

"Nisikilize. Anaamini alijiokoa. Anaamini wewe ulimwokoa. Kwa imani hiyo anaamka, anafundisha, anamlea mtoto. Ukimvua hiyo, umvishe nini? Mimi niache. Nimeshaishi. Sitakatwa mtu wa miaka sitini. Hii tuizike hapa, mimi na wewe."

"Na wewe ufe?"

"Nife kama watu wanavyokufa."

*

Siku tisa Atuganile aliishi na jambo lile. Lilikuwa rahisi kulitetea. Alipomwambia mdogo wake kitu alichokataa kukijua, alivunja nyumba. Je, si afadhali sasa anyamaze, angalau mara hii moja? Alikaribia kabisa kukubali. Kilichomzuia ni kwamba kila alipofikia uamuzi wa kunyamaza alihisi nafuu, na nafuu hiyo ilikuwa yake yeye, si ya Subilaga.

Mara mbili alikwenda kwa mdogo wake akakaa, akanywa chai, akaondoka. Mara ya pili Subilaga alimwonyesha mtoto amesimama akishikilia kiti. "Mwone!" alisema. "Nisingekusikiliza ningekuwa wapi leo? Mwanangu angelelewa na nani?" Atuganile alitabasamu. Huku akitabasamu alijiona akipita kando ya mdogo wake, akimgusa kwa bega, bila kugeuka.

Siku ya kumi alikwenda kwanza kwa Dk. Gwamaka, mkuu wa wasomaji, akamweleza yote tangu kengele ambayo hakuibonyeza. Gwamaka, mtu mpole aliyemfundisha kazi, alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Unajua sitaweza kukulinda," alisema.

"Sikuja kulindwa, daktari."

"Kwa nini hukubonyeza?"

"Niliona mama. Nikadhani safari hii nimewahi."

Alirudisha koti jeupe na funguo. Kutoka pale alishuka moja kwa moja hadi kwa mdogo wake.

Subilaga alikuwa anasahihisha madaftari mezani. Atuganile hakukaa.

"Subi, kuna jambo kuhusu kivuli chako. Safari iliyopita sikukupa nafasi ya kuchagua. Leo nakupa. Unataka kujua, au hutaki? Ukisema hutaki, nitaondoka, na sitalitaja mpaka nife."

Subilaga aliweka kalamu chini. Akaitazama miguu ya dada yake, akapanda polepole mpaka usoni. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Atuganile aliona jinsi alivyoanza kupiga ile hesabu.

"Sema," alisema.

Akasema. Alisema kwa maneno machache kadiri alivyoweza, na hakujitetea. Alipofika kwenye yale makovu tisa, Subilaga aliinua mkono amnyamazishe.

"Kwa hiyo nilikuwa mzima."

"Ndiyo."

"Nisingeugua."

"Kivuli kinasema usingeugua."

Subilaga alikunja mikono kifuani, pale palipokuwa bapa, kama mtu aliyeshikwa na baridi. Chumba cha pili Sekela alikuwa anaongea peke yake na mwiko.

"Alilia siku mbili," Subilaga alisema. "Siku mbili, dada. Alikuwa ananitazama haelewi nimemkosea nini." Kisha akasema kwa sauti ileile, "Toka nyumbani kwangu."

Atuganile alitoka.

*

Miezi minane hawakusemeshana. Atuganile alipata kazi ya kupima maziwa kwenye kiwanda kidogo cha ushirika, na hakuna aliyemwita daktari tena. Upweke ulimzoea. Alipokuwa akiosha mikono mwisho wa siku, bado aliweza kuwaona walinzi wakipita ukutani.

Habari za Subilaga alizipata kwa mama mdogo. Na ni mama mdogo aliyemsimulia kilichotokea Pasaka.

"Alikuja na mtoto mgongoni," Bupe alisema. "Hakusalimu. Alimweka mtoto chini, akavua blauzi palepale ghalani, wafanyakazi wametoka tu kwenda kula. Mwanangu, sikuwahi kuliona kovu lile. Akasema, 'Tazama, mama. Tazama vizuri. Mimi nilikatwa kwa kivuli chako. Usinifanye niwe nimekatwa bure.' Nikamwambia mimi nimeshaishi. Akasema, 'Mama yetu naye alisema hivyo.' Sasa hapo mtu unajibu nini?"

Bupe alikatwa mwanzoni mwa mwezi wa sita. Katika titi la kushoto madaktari walikuta kitu cha ukubwa wa punje ya ulezi, seli zikiwa zimejipanga mstari mmoja. Kilikuwa hakijatoka nje ya titi, kwa kadiri walivyoweza kuona. Zaidi ya hapo hakuna aliyethubutu kusema.

Atuganile alifika wodini siku ya pili, mchana, saa ya kuangalia wagonjwa. Alisimama mlangoni. Bupe alikuwa amelala, amefungwa bandeji kifua kizima, uso umepauka lakini mdomo umefungwa kwa ukaidi wake uleule. Kando ya kitanda alikuwa Subilaga. Alikuwa amemwinua mama yao mdogo kidogo, anampitishia kitenge chini ya mkono na kukifunga juu ya bega moja, taratibu, kwa namna ambayo haikugusa mishono. Hakuna muuguzi aliyemfundisha. Alijifunza kwa mwili wake.

"Ukilala upande huu inavuta," alikuwa anasema. "Weka mto hapa. Wiki ya pili itawasha, usikune. Utaota bado unayo. Usiogope, inaisha."

"Wewe iliisha?" Bupe aliuliza.

"Karibu."

Subilaga aliinua macho akamwona dada yake. Akarudi kwenye kitenge.

Atuganile aliingia akakaa upande wa pili wa kitanda, akaushika mkono mkubwa wa mama yake mdogo. Saa ya ukutani ilikwenda. Watu wa vitanda vingine walizungumza na ndugu zao, mtu alimenya chungwa. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyemkaribisha.

Baada ya muda Subilaga aliinama chini ya kitanda. Kutoka kwenye bandeji ya Bupe ulishuka mrija mwembamba hadi kwenye kichupa cha plastiki, na kichupa kilikuwa kimejaa maji mekundu. Alikichomoa kwa uangalifu, akaubana mrija, akasimama nacho. Alikitazama, akamtazama dada yake. Kisha akanyoosha mkono juu ya kitanda, juu ya mama yao mdogo aliyekuwa amefumba macho kama amelala.

"Kamwage," alisema.

Atuganile alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa bado kina joto.